Mahari Isiyofunguliwa

Alhamisi, 3 Agosti 1995

Leo maisha yangu yamegeuka. Nayaandika haya kwa utulivu.

Mwaka jana nilinunua maboksi mawili kwenye mnada wa mizigo iliyokosa wenyewe. Nilidhani ni karata. Nikafungua moja. Kumbe ni pakiti za picha: wanaume warefu, fulana zisizo mikono, wote wanarukia mpira wa kikapu. Kila pakiti na kipande chake cha chingamu, kigumu kama kigae. Nilitafuna kimoja. Jino la nyuma likakatika, na pengo ninalo mpaka leo. Zile picha niliwagawia majirani hapa Changamwe, wakazibia matundu ya madirisha. Boksi la pili nikalisukuma chini ya kitanda, nikalisahau.

Leo jioni alikuja Absalom kuazima pasi. Absalom ni jirani yangu, mtu wa bara, anapakia mizigo uwanja wa ndege, na kila Jumamosi anacheza kikapu kule Port Reitz. Aliinama kuokota waya wa pasi, akaliona boksi. Akaketi chini sakafuni. Akaniuliza kama najua nimelalia nini.

Ana gazeti la Kimarekani aliloachiwa na abiria. Linasema boksi kama hili, la mwaka themanini na sita, ambalo halijaguswa, watu kule wanaligombea. Na kadiri lisivyofunguliwa ndivyo linavyopanda. Likifunguliwa, huenda mna picha ya yule kijana wa jezi nyekundu, inayotafutwa kuliko zote, huenda hamna. Likibaki limefungwa, imo daima.

Imo daima! Nimekaa nalo mapajani mpaka adhana ya magharibi.

Nimeamua. Kesho nakwenda kumposa Mwanarehema.

Ijumaa, 4 Agosti

Mwanarehema ni mshonaji wa Timbwani, Likoni. Nilimjua alipokuja ghalani kwetu, mimi nikiwa karani, kuulizia jora la kitambaa lililopotea. Nililipata. Tangu siku hiyo nina shati moja ambalo amelitia vifungo mara nyingi. Vifungo nilivikata mwenyewe.

Aliwahi kuolewa. Mume alimwahidi nyumba ya mawe, akachimba msingi, akaenda Tanga, akaoa huko. Ndani ya ule msingi Mwanarehema amepanda mchicha.

Baada ya sala ya Ijumaa nilivuka na shangazi yangu, Bi Nyamvula, awe msemaji wangu. Tangu msiba wa feri kuzama mwaka jana shangazi hasemi neno kwenye feri ila shahada. Boksi nimelifunga kwa leso mpya.

Baba yake, Mzee Mwinyihaji, alitupokea ukumbini. Shikamoo, marahaba, habari za Changamwe, habari za minazi. Shangazi akafungua leso. Mzee akauliza ni nini. Nikasema ni mahari, na thamani yake ni kama kiwanja cha Nyali. Akauliza ndani mna nini. Nikasema picha za watu warefu.

Akafikiri sana. Kisha akauliza: warefu kiasi gani?

Nikaeleza kwamba halifunguliwi. Likifunguliwa, thamani inakufa. Mzee akasema ameoza mabinti wanne, hajapata kuona mahari inayoogopa hewa.

Hapo akacheka mtu. Nzai! Binamu yake Mwanarehema, ana duka la sare za shule, naye pia anamtaka. Ameahidi cherehani mpya ya umeme, na leo aliileta kabisa, imekaa kwenye kona na nailoni yake. Nikaitazama kwa dharau. Ni mashine tu. Kila mtu anaona ilivyo.

Tumeambiwa tusubiri jibu. Kurudi, shangazi alimaliza shahada zake, tukashuka, ndipo akaniambia kwamba marehemu baba yangu alikuwa na akili.

Jumatatu, 7 Agosti

Nzai anatangaza Likoni nzima kuwa boksi lina mchanga. Ametaka lifunguliwe mbele ya watu. Hasidi mkubwa!

Lakini nina kichwa. Usiku kucha nimefikiri: ni nani anayeona ndani ya mzigo bila kuufungua? Uwanja wa ndege! Wana mashine ya kukagulia. Absalom hakupendezwa. Nikamkumbusha kwamba pasi yangu bado iko kwake. Akakubali.

Nikaomba ruhusa kazini, kisingizio jino. Absalom aliliweka boksi mkandani katikati ya mikungu ya ndizi za mtu. Nikasimama nyuma ya askari kuchungulia kioo. Nikaona! Matofali madogo ya kijivu, yamepangwa safi, safu kwa safu. Machozi yakanilenga. Nikapiga takbiri.

Lilikuwa kosa. Askari wawili waligeuka. Wakauliza kwa nini mtu analia kwa furaha juu ya matofali ya kijivu. Wakataka kisu. Nikalala juu ya boksi. Nilisema wanipasue mimi kwanza.

Wakanipeleka chumba cha pembeni. Viatu, soksi, kofia, mshipi, yote. Wakaniuliza kuhusu lile pengo la jino. Alasiri alikuja mkubwa wao, akasoma maandishi ya boksi, akanitazama mimi, akasoma tena. Akasema niachiwe, lakini nisionekane hapo bila tiketi ya ndege.

Boksi halikufunguliwa. Nilifunguliwa mimi.

Absalom ameonywa kazini. Hatujasemezana tangu uwanjani. Pasi amerudisha.

Jumatano, 9 Agosti

Mwanarehema ameniita! Nilivaa lile shati.

Nilimkuta barazani anashona. Dada yake mdogo, Mwanatabu, aliketi mlangoni, kwa heshima. Mwanarehema hakusimamisha mashine mara moja. Alimaliza upindo, akakata uzi, ndipo akaniangalia.

Akasema habari za uwanja wa ndege zimefika. Nikainamisha kichwa.

"Nambie kweli, Mwidani. Boksi lako likifunguliwa likawa tupu, utakuja?"

Naandika ukweli, kwa sababu daftari hili ni langu peke yangu: nilikuwa nalifikiria lile boksi. Nililiona tupu. Nikaona aibu yangu mbele ya Nzai na mbele ya askari. Kisha nikajiona narudi Changamwe na shati ambalo vifungo vyake vyote vimekaa imara, sina sababu ya kuvuka tena.

Nikasema nitakuja.

"Umechelewa kujibu."

Nikaomba radhi.

"Usiombe radhi. Yule wa kwanza alijibu upesi."

Nikauliza kuhusu mashine ya Nzai, maana nilitaka kuliondoa hilo kifuani. Akasema mashine ile itakaa dukani kwa Nzai, itashona vitambaa vya Nzai, na atakayeikalia kuanzia asubuhi hadi jioni ni yeye. "Boksi lako halinitaki kazi."

Kisha akauliza kama mahari ni ya mke. Nikasema ni ya mke. Akauliza kama nitalisema hilo mbele ya mashahidi. Nikasema mbele ya ulimwengu.

Aliuliza mara mbili. Nadhani ni mahaba.

Ijumaa, 18 Agosti

Nimeoa.

Nusura ndoa isifungwe. Shekhe alipoambiwa mahari ni boksi lililofungwa, aliweka kalamu chini. Akasema mahari lazima ijulikane ni nini. Nzai akakohoa. Alikuwa amekaa mstari wa mbele na kanzu iliyopigwa pasi vizuri kuliko yangu.

Nikasema kilichomo kimeandikwa nje. Shekhe akasema hasomi Kizungu cha herufi ndogo. Akaitwa Absalom, aliyekuwa amesimama uani na suti yake ya kanisani. Alikuwa bado hajanisamehe. Hata hivyo aliingia, akavua viatu, akalishika boksi kwa mikono miwili, akalisoma lote, pande zote, mpaka jina la mji lilikochapishwa, kwa sauti ya mtu anayesoma wasia. Alipomaliza, Mzee Mwinyihaji alisema amina.

Shekhe akaridhika. Nikashikana mkono na mzee. Nimekubali, kwa mahari iliyotajwa.

Boksi likapelekwa ndani kwa bibi harusi, na vigelegele. Absalom tumekumbatiana. Nzai alikula pilau sahani mbili, akaondoka bila kuaga.

Jumapili, 20 Agosti

Naandika nikiwa uani kwa wakwe. Siwezi kuingia ndani bado.

Asubuhi nilitoka kwenda kununua mahamri. Niliporudi nikasikia kicheko chumbani, yeye na Mwanatabu. Nikaingia. Mkasi ulikuwa mkononi mwake. Nailoni ya boksi ilikuwa sakafuni.

Nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi. Mahamri yakamwagika. Yeye akanitazama tu. "Ni langu au si langu?"

Ni lake. Nilisema mwenyewe, mbele ya mashahidi.

Walifungua pakiti zote. Nilikaa kitandani kama mtu aliyefiwa. Chingamu ilikuwa imegeuka unga wa waridi, ikawachafua vidole. Mzee Mwinyihaji aliitwa, akaletewa miwani. Akazitazama picha moja moja. Akauliza watu hawa mama zao wanawalisha nini. Akamhurumia mmoja aliyeonekana akianguka.

Mimi sikuweza kutazama. Nikaenda kumwita Absalom, tukavuka kwa haraka, gazeti lake kwapani. Tulipofika ilikuwa baada ya adhuhuri. Mwanarehema alikuwa amekwisha kuzipatia kazi. Amezikata meno pembeni, amezizungushia lasi na mpira wa sketi, kama vile vikadi vya dukani. Nyingine amezishonea vifungo, seti kwa seti, ili mteja achague rangi.

Absalom akapiga magoti kwenye mkeka, akazipitia. Akafika kwenye moja, akaacha kupumua. Kijana wa jezi nyekundu. Imo! Ilikuwemo kweli! Na kifuani mwake vifungo vyeupe, vya shati la kiume, vimekazwa barabara.

Mzee akachungulia juu ya bega la Absalom. Akasema, afadhali, sasa huyu amevaa.

Nimetoka, nimeketi hapa. Baadaye amekuja na chai. Ameketi kando yangu. Kisha akasema maisha yake yote amepewa vitu vya kungojea. Ngoja mume arudi. Ngoja nyumba iishe. Akasema alitaka, mara moja tu, apewe kitu na akione siku ile ile.

Akaniambia pia kwamba alikuwa hajacheka hivyo tangu msingi ule ulipochimbwa.

Nimeinywa chai. Nimemtazama. Uso wake ulikuwa na vumbi la waridi kwenye shavu, nikamfuta. Nimeelewa. Wallahi nimeelewa. Kitu kilichofungwa si mali. Mali ni mtu aliye mbele yako. Naapa hapa, kwa wino, kwamba mimi Mwidani sitanunua tena kitu ambacho sikioni.

Jumamosi, 26 Agosti

Leo kulikuwa na mnada. Nilikwenda kutazama tu.

Boksi kubwa! Limefungwa kwa utepe wa bati, maandishi yameliwa na maji ya chumvi, imebaki picha ya nusu mpira. Mpira gani, hata Absalom hajui. Yeye pia alikuja kutazama tu.

Na nani nilimwona mbele, mkono juu? Nzai! Nilipandisha. Akapandisha. Nilipandisha tena, nikatoa na baiskeli yangu kwa dalali. Umati ukapiga makofi. Nzai akashusha mkono, akaondoka anacheka, sijui kwa nini. Nimemshinda!

Nimelificha ghalani nyuma ya mifuko ya simiti. Mwanarehema hana haja ya kujua, atasumbuka bure. Nimerudi Likoni kwa miguu mpaka feri, nikamwambia baiskeli iko kwa fundi. Akanitazama sana. Akanipakulia wali.

Kabla ya kulifunika nilitega sikio, nikalitikisa kidogo. Mara moja tu.

Kuna kitu kimelia ndani.

Hiki ndicho chenyewe.