Mti Mmoja, Mashimo Mia Tatu

Siku Mtaalamu alipopata wazo lake, walinzi wawili wa geti walikuwa wakimvuta mtalii mmoja, huyu mkono wa kulia, huyu wa kushoto. Mlima ule ulikuwa na halmashauri mbili, ya Juu na ya Chini, na kila moja ilidai mlima ni wake. Kwa hiyo kulikuwa na mageti mawili, tiketi mbili, na mabango mawili ya "Karibu" yaliyotazamana kwa jicho baya. Kuhusu mlima wenyewe, uliokanyagwa na wageni mpaka ukabaki kipara, hakuna aliyekuwa na habari nao.

Mtaalamu hakuwa mtaalamu wa chochote. Alikuwa na miwani isiyo na kazi, kalamu tatu mfukoni na ulimi laini. Alimtazama yule mtalii akikaribia kutoa machozi, akajisemea: vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Kesho yake alikuwa ofisini kwa Mwenyekiti wa Juu, amekalia kiti ambacho hakukaribishwa.

"Mheshimiwa, neno la siku hizi ni utalii endelevu. Kila mgeni apande mti, apewe cheti."

"Na sisi tunapata nini?"

"Ardhi. Kila mti uliopandwa kwa kibali chako ni askari wako. Hauombi likizo, wala hauhami chama."

Mwenyekiti alicheka mpaka tumbo likagonga meza, akapiga muhuri. Saa nane mchana Mwenyekiti wa Chini naye alisikia habari za askari wasioomba likizo, akapiga wa kwake. Ndio viongozi hao: ukitaka wakubaliane jambo, mwambie kila mmoja pembeni kwamba mwenzake ataumia.

Mradi ukaanza na mche mmoja. Msomaji asidhani ni kosa la uchapaji; ulikuwa mche mmoja tu wa mvule, ndani ya mfuko wa plastiki. Mgeni alilipa, akachimba shimo lake, akautumbukiza mche pamoja na mfuko, eti mfuko utaoza wenyewe, akapigwa picha, akapewa cheti chenye mihuri miwili. Wageni walipokwenda bandani kula, Mtaalamu aliuchomoa mche, akaupangusa na kuuweka tayari kwa mgeni wa kesho.

Kupika na kuteka maji ilikuwa kazi ya shemeji yake, mjane wa kaka yake. Mteremko ule ulikuwa shamba lake. Miaka sita nyuma Mtaalamu alijitolea kumfuatilia hati, akazifuatilia hadi zikapotea, na tangu hapo Juu walimtuma mjane Chini na Chini wakamrudisha Juu. Sasa alilisha wageni juu ya udongo wake mwenyewe kwa ujira wa kibarua. Hakuwa na alichokitaka duniani ila mteremko ule urudi.

"Shemeji," Mtaalamu alimwambia siku ya kwanza, "kila jioni umwagilie mashimo."

"Nimwagilie shimo tupu?"

"Anayepita aone udongo umelowa. Unamwagilia matumaini."

"Haya, shemeji. Wewe ndiye mwenye elimu."

Akamwagilia. Na kila baada ya chakula aliokota kokwa za maparachichi kwenye sahani za wageni, akazitia mfukoni mwa aproni.

"Shida gani hiyo, shemeji, mpaka kokwa?"

"Mazoea tu."

Baada ya mwaka mashimo ya zamani yakaanza kuwa ya kijani. Mtaalamu, ambaye hakuweza kutofautisha mti na mwiko, alidhani ni magugu, akamshukuru Mungu kwa magugu. Aliwaonyesha wageni kwa mbali. "Mnaona? Mivule ya wenzenu hiyo." Wageni wakafuta machozi na kulipa zaidi.

Mwaka wa pili halmashauri zilichoka kushtakiana. Likaundwa baraza la usuluhishi, nalo likaamua: mteremko usiwe wa Juu wala wa Chini. Apewe yeyote aliyepanda miti hapo na kuitunza ikafika magotini, na askari wa upande wowote asikanyage bila ruhusa ya mwenye shamba. Wenyeviti wote wawili walitangaza ushindi siku hiyohiyo.

Baraza lilikaa palepale bandani kusikiliza madai. Mtaalamu alifika na picha mia tatu kwenye boksi, na kichwani alishajenga hoteli. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani yenye kazi. Alitazama picha ya kwanza, ya kumi, ya mia.

"Mti huu una jani lililotafunwa na mbuzi, upande wa kushoto."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na huu. Na huu pia. Mbuzi huyu ana nidhamu."

Watu wakaanza kukohoa.

"Mivule mia tatu iko wapi?"

"Iko mteremkoni, mheshimiwa. Imeshapita magoti."

"Tumetoka huko asubuhi. Tumehesabu miparachichi mia mbili na kumi na minne. Mvule hatukuona hata mmoja."

Mtaalamu aligeuka polepole. Shemeji yake alikuwa amekaa safu ya nyuma, aproni imepigwa pasi.

"Mashimo ni yangu," Mtaalamu akasema, sauti imekonda.

"Walichimba wageni," shemeji akajibu. "Wewe uliniambia nimwagilie. Nami niliona aibu kumwagilia shimo tupu."

Kufika saa saba mteremko ulikuwa wa mjane, kwa hati yenye muhuri mmoja.

Wenyeviti nao wakakubaliana kwa mara ya kwanza maishani mwao: Mtaalamu akamatwe. Askari wa Juu walimsubiri geti la Juu, wa Chini wakamsubiri geti la Chini. Mahali pekee mlimani walipokatazwa kukanyaga palikuwa katikati ya miparachichi, na huko ndiko shemeji yake alikomkuta ameketi chini, kalamu zimebaki mbili.

Hakumgombeza. Alimwekea ndoo miguuni.

"Kisima kiko pale bondeni, ndani ya mpaka wangu. Kila mti ndoo moja."

"Mpaka lini, shemeji?"

"Mpaka izae. Ya kokwa haina haraka."

Mtaalamu akatazama geti la Juu, akatazama geti la Chini, akainua ndoo.

"Na ukimaliza," shemeji akamwita, "ule mvule wako nao uupande. Safari hii uutoe kwenye mfuko."