Kuiokoa Maktaba kwa Kuifuta

Jumatatu, 3 Machi

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Nataka kupigiwa makofi. Mara moja tu, na watu wengi. Mimi huyu, ambaye mwalimu akiita jina langu nageuka jiwe! Nikiwaza mchana, naona ukumbi mzima umesimama kwa ajili yangu. Halafu naona aibu, nakimbilia maktaba kujificha nyuma ya rafu ya kamusi, ambako hakuna mwanafunzi mwingine aliyewahi kufika.

Leo njia ya kuyapata makofi hayo imejitokeza yenyewe.

Chini ya meza ya mwalimu wa kompyuta kuna seva ya shule, sanduku jeusi ambalo yeye hulitumia kuegemeza miguu. Ndani yake zinaishi kompyuta pepe tatu. Kompyuta pepe ni kompyuta isiyo na mwili. Haina waya wala kioo chake, imebanwa ndani ya seva pamoja na wenzake, lakini kila moja inajiona iko peke yake duniani. (Namjua mtu wa hivyo. Nitamtaja baadaye.) Moja ni ya alama za mitihani, moja ya mazoezi ya darasani, na moja ya maktaba. Hiyo ya maktaba ina orodha ya vitabu vyote na kumbukumbu za nani aliazima nini. Mama Maktaba, mkutubi wetu, ameichapa mwenyewe kwa miaka, miwani puani, akinong'oneza kila herufi kabla ya kuibonyeza.

Ijumaa wajumbe wa bodi wanakuja. Mkuu wa shule alitangaza asubuhi kwamba kumbukumbu zikionyesha wanafunzi hawaazimi vitabu, chumba cha maktaba kitakuwa stoo ya viti. Viti! Baada ya tangazo nilimwona Mama Maktaba akipangusa rafu ambazo alikuwa ameshazipangusa.

Nikajikaza, nikamwuliza mwalimu wa kompyuta kama kuna nakala ya akiba. Akaniuliza nakala ya nini. Nikasema ya zile kompyuta pepe. Akacheka. Alisema zile haziwezi kuharibika kwa sababu hazina mwili.

Na huyu ndiye anayetufundisha.

Nilimwambia kuna programu ya kuhifadhi nakala ambayo ina toleo la bure. Aliposikia neno bure akatoa miguu juu ya seva. Alikubali palepale, ila nishirikiane na Bingwa.

Bingwa ni mwenyekiti wa klabu ya kompyuta. Jina hilo alipewa na watu wasiojua lolote. Anachapa kwa vidole viwili na kutafuna kucha za vilivyobaki. Nitashirikiana naye kwa kutomwambia chochote.

Jumanne, 4 Machi

Programu imeingia! Mwongozo ni mrefu kama hotuba ya mahafali. Nimeusoma wote isipokuwa sura ya kurejesha. Sura hiyo ni ya watu wanaopata ajali.

Toleo la bure lina masharti yake. Halitumi barua pepe kukueleza kama kazi imefanikiwa. Sawa tu. Mimi si mtu wa kuelezwa.

Shida ilikuwa mahali pa kuweka nakala. Diski ya seva imejaa video za mpira za mwalimu. Nilitaka kuzifuta lakini alikuwa amesimama nyuma yangu akinywa chai. Nikatafuta kwenye mtandao wa ndani wa shule, nikaona hifadhi inayoitwa Z. Kubwa, tupu, safi, wala haina mwenyewe. Nikaielekeza programu huko.

Bingwa akasogea, harufu ya mafuta ya nywele ikitangulia. Akaanza, eti dada, hiyo Z unajua lakini kwamba... Nikamwambia najua. Akasema lakini unajua iko... Nikamwambia najua, kaka, asante. Akainua mabega, akasema haya, poa, akaenda zake kutafuna kucha.

Alitaka kunifundisha herufi za alfabeti!

Alama ya kijani ikatokea: Imefanikiwa. Niliitazama mpaka kengele ikalia.

Jumatano, 5 Machi

Nakala ya leo ni kubwa karibu mara mbili ya jana. Inakua! Kitu chenye afya hukua. Programu nyingine, za kulipia, sidhani kama zinakua hivi.

Bingwa aliuliza mbele ya klabu nzima kama nimejaribu kuirejesha nakala hata mara moja, nione kama inafunguka. Wote wakanigeukia. Masikio yaliniwaka moto. Nikasema kwa sauti ambayo sidhani ilifika meza ya pili kwamba kujaribu ni kutilia shaka. Bingwa akasema, dada, nakala ambayo hujaijaribu ni matumaini tu. Wenzake wakaguna kama waumini. Ana tabia ya kusema mambo kama anayengoja yaandikwe ukutani.

Kisha akaongeza kwamba yeye vitu vya bure haviamini sana. Mtu anayevaa viatu vya kaka yake!

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna anayejali. Nilimweleza mwalimu kwamba shule sasa ina nakala kamili ya kila siku. Alisema vizuri, bila kuinua macho, kisha akaniomba nimpitishie wembe wa kuchongea penseli. Nilimweleza Mama Maktaba. Alisema Mungu akubariki, mwanangu, lakini najua hakuelewa, maana aliniuliza hiyo nakala aiweke rafu gani.

Hapo ndipo nilipogundua kasoro ya nakala za akiba. Bila ajali, hazionekani. Unaweza kuwa umeiokoa shule nzima na bado ukatumwa wembe.

Basi ajali ipatikane.

Mpango: kesho, wajumbe wakiwa mlangoni, naifuta kompyuta pepe ya maktaba. Mama Maktaba anafungua orodha, hakuna kitu. Taharuki! Mkuu anamwita mwalimu. Mwalimu anamwita Bingwa. Bingwa anatafuna kucha. Kisha mimi napita katikati yao kimyakimya, nabonyeza Rejesha, na kila kitu kinarudi. Uzuri wa mpango huu ni kwamba sihitaji kusema hata neno moja.

Nyumbani nilimwuliza mama, kwa mfano tu, kama fundi anaweza kuchana gauni la mteja makusudi ili watu waone anavyojua kushona. Mama alikuwa anapinda sketi, pini mdomoni. Alisema fundi wa namna hiyo angechapwa na mteja, na angestahili. Kisha akazitoa pini zote mdomoni, akanitazama vizuri, akauliza nani kachana gauni gani.

Mama haelewi teknolojia.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa chooni shuleni. Mlango nimeukomea.

Wajumbe walifika kabla ya mapumziko. Mmoja, mama mnene mwenye sauti ya kengele, ndiye aliyekuwa akiongea. Wengine walikuwa wakitikisa vichwa. Mama Maktaba alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu, la zambarau, na amepaka rangi ya midomo. Nilimwona kupitia dirisha lililo kati ya maktaba na chumba cha kompyuta, ambako nilikuwa nimekaa mbele ya seva, peke yangu, mwalimu akiwa ameenda kupanga foleni ya kusalimia wageni.

Nikabonyeza Futa. Ikauliza kama nina uhakika. Maswali gani haya!

Kule ng'ambo Mama Maktaba alikuwa akisema kwamba wanafunzi wanasoma sana, karibuni mjionee. Akabofya. Akabofya tena. Akavua miwani, akaipangusa kwa gauni, akaivaa, akabofya. Mjumbe mnene akasema kwa hiyo hakuna anayeazima. Mama Maktaba akasema wapo, wapo wengi, jana tu walikuwepo. Mjumbe akasema mama, tunaona wenyewe, ni peupe.

Wakati wangu! Nikabonyeza Rejesha.

Programu ikajibu: Mahali pa kuhifadhi hapapatikani.

Nikabonyeza tena. Hapapatikani. Nikaitafuta Z. Hakuna Z. Jana ilikuwepo, kubwa, safi!

Bingwa alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui tangu lini. Alitazama kioo, akanitazama mimi, akasema polepole, kama anayeongea na mtoto aliyepanda juu ya paa, kwamba Z haikuwa diski. Z ilikuwa folda iliyokuwa inakaa ndani ya kompyuta pepe ya maktaba yenyewe. Mama Maktaba alitengenezewa aweke picha za majalada ya vitabu, lakini hakuweka hata moja. Nakala zote za maktaba nilikuwa naziweka ndani ya maktaba. Kila siku programu ilikuwa inaimeza nakala ya jana pamoja na maktaba, ndiyo maana zilinenepa. Na nilipoifuta maktaba, nikafuta na nakala.

Akasema, dada, ufunguo wa akiba umeufungia ndani, halafu nyumba ukaichoma.

Kule ng'ambo Mkuu alikuwa anapima ukuta kwa macho. Alikuwa anahesabu viti, najua. Mama Maktaba alikuwa amekaa. Hakuwa analia. Alikuwa ameweka viganja viwili juu ya kibodi, ametulia, kama mtu anayemshika mgonjwa mkono.

Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo.

Bingwa akafungua begi lake, akatoa diski ndogo iliyofungwa mpira wa nywele. Kumbe kila mwisho wa mwezi hunakili kompyuta pepe zote kwa mkono, moja moja, kwa sababu haamini vitu vya bure! Ya Februari alikuwa hajaifanya, alikuwa na homa. Ya Januari ipo. Akachomeka. Nikampisha kiti. Mwalimu akaja mbio, akaambiwa awapeleke wajumbe wakanywe chai, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akafanya jambo la maana.

Waliporudi, orodha ilikuwepo. Mjumbe mnene akapitisha kidole kwenye kioo, jina kwa jina, kitabu kwa kitabu. Akasema kumbe wapo. Akasema ziache rafu zilipo, viti vitafutiwe kwingine. Mama Maktaba alimkumbatia Bingwa mpaka rangi ya midomo ikabaki kwenye kola yake.

Wakampigia makofi. Wote, hata mwalimu. Bingwa alikuwa amesimama palepale nilipopanga kusimama mimi.

Na hakusema! Mkuu alipouliza kulitokea nini, Bingwa akasema mashine hizi zina mambo yake, Mkuu. Ukarimu wa aina hiyo ni matusi.

Kuna mtu anagonga mlango wa choo.

Jumamosi, 8 Machi

Kutwa nzima maktaba. Maazimo ya kuanzia Februari mpaka juzi yamepotea, ikabidi yachapwe upya. Mama Maktaba alikuwa akitoa kadi kwenye vitabu na kunisomea, mimi nachapa. Karibu kila kadi jina lilikuwa langu. Ilipofika kama ya ishirini akasema, eh mwanangu, kumbe maktaba yenyewe ni wewe!

Nikamwambia ni mimi niliyefuta.

Akaendelea kupanga kadi. Akasema anajua. Aliniona dirishani, jinsi nilivyokaa wima, kama bibi harusi anayesubiri kupigwa picha. Akasema hakutaka kujua kwa nini. Ila siku nyingine, mwanangu, kabla hujagusa kitu cha mtu, muulize kwanza. Na ukimwuliza, msikilize mpaka amalize.

Nilimwahidi. Nilimwahidi kwa dhati kabisa, machozi yakidondokea kibodi, akanipa kanga yake nipanguse kibodi kwanza, uso baadaye.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari kwa kina, na kosa nimeliona. Kosa lilikuwa Z. Mtu yeyote angedanganyika, ilikuwa tupu mno. Programu haina hatia. Mpango ulikuwa mzuri. Hata kufuta kwenyewe kulienda vizuri, kulifanikiwa mara ya kwanza. Kilichokosekana ni nafasi ya kutosha mahali panapofaa, basi.

Bingwa amekabidhiwa seva rasmi, na barua yenye muhuri. Alinifuata kantini akasema nikitaka atanifundisha kurejesha, taratibu, bila mtu kujua. Nilimshukuru, nikamwambia nina shughuli.

Sikuwa na shughuli. Lakini mchana nikapata.

Katibu muhtasi wa Mkuu amerudi leo kutoka likizo, hajasikia habari zozote. Alinikuta kwenye korido, akaniuliza, binti, yule kijana mnayemwita Bingwa yuko wapi, kompyuta yangu inatambaa kama konokono. Nikamwambia Bingwa hana nafasi. Nikamwambia ninaweza mimi. Sauti ilitoka safi, hata mimi nilishangaa. Akanipeleka ofisini. Alisema kila kitu kimo humo, barua za shule, majina ya watahiniwa, kila kitu, na usajili wa mitihani unafungwa Jumatano. Nikamwuliza kama ana nakala ya akiba. Akaniuliza nakala ya nini.

Akaanza kunieleza jambo kuhusu folda ya watahiniwa. Nikamwambia najua. Nikamwambia aende akanywe chai bila wasiwasi.

Nikafunga mlango. Nikapakua toleo la bure. Lilipokuwa tayari likasema diski imejaa, hakuna nafasi ya kuweka nakala. Nikafungua folda, nikatafuta iliyokuwa kubwa kuliko zote, nikaanza kwa kuifuta hiyo.