Stensili Hulala Kifudifudi

Jumatatu, 4 Machi 1974

Tundu la ufunguo la chumba cha kudurufu halionyeshi kitu. Nimechungulia mara tatu. Mara ya tatu nikakutana na jicho la Mzee Bakili, mwendesha mashine, upande wa pili. Nikampa shikamoo hapo hapo tunduni. Akaitika marahaba, kisha akatundika koti mlangoni. Giza.

Miaka miwili mimi, Polycarp, ni karani wa barua katika ofisi hii ya Mtaa wa Sikukuu, na bado sijui ile karatasi ya nta, stensili, inashikwa na nini. Ngoma ya mashine inazunguka kama pia, nakala mia mbili zinatoka, mistari imenyooka. Mbona haichomoki? Gundi? Sumaku? Chakula hakishuki.

Jumanne, 5 Machi

Mbinu ya chai. Nimempelekea Mzee Bakili kikombe cha tangawizi ili niingie nacho. Akakipokea mlangoni, akaniombea dua, akafunga.

Mbinu ya pili: kapu la taka. Nimepata stensili iliyotumika! Nikaificha ndani ya shati, nikapita Kariakoo nzima kifua mbele. Nyumbani mke wangu Celina akapiga yowe, akauliza nimechomwa kisu na nani na kwa nini damu yangu ni nyeusi. Shati limekwisha. Lakini nimegundua: kichwani mwa stensili kuna matundu saba. Penye tundu pana vifungo. Mashine imevaa karatasi kama mtu alivyovaa shati! Polisi wamekosa mpelelezi.

Jumatano, 6 Machi

Mzee Bakili ameitwa Kibiti ghafla. Binti yake amejifungua mapacha. Na Mwalimu Agnesi wa darasa la watu wazima ameleta stensili ya mtihani, tayari imepigwa chapa. Mtihani ni keshokutwa, wanafunzi thelathini na wanane. Katibu wetu, Ndugu Tarsis, akauliza nani anaijua mashine.

Mkono wangu ukapanda wenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeingia! Vifungo vipo, saba kamili, vimejipanga juu ya ngoma kama meno ya mtoto. Nikavika tundu moja moja. Maandishi nikayaelekeza kwangu, niyasome vizuri. Akili ya kawaida.

Nikazungusha mpini. Mkia wa stensili ukapepea, ukajikunja. Kumbe na chini kuna kibano! Nikaubana. Mkunjo umebaki, unatoa mstari mweusi katikati ya ukurasa kama mto Rufiji kwenye ramani. Si neno.

Neno ni hili: nakala zote thelathini na nane zimeshatoka, na herufi zote zimenipa kisogo. “Maji” imegeuka lugha ya majini. Nikataka kuigeuza stensili, matundu matatu yakachanika, nikaishiwa. Nyingine hakuna.

Nikafunga nakala zote kwa karatasi ya kaki, nikaandika juu: SIRI. USIFUNGUE KABLA YA MTIHANI. Ndugu Tarsis akanisifu mbele ya watu kwa kulinda siri za ofisi.

Ijumaa, 8 Machi

Ndugu Tarsis akanituma mimi mwenyewe niupeleke mzigo. Mwalimu Agnesi akagawa bila kuangalia. Nikaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

Hapo ndipo Bi Kuruthumu, muuza nazi wa sokoni, akaanza kulia. Mtu mzima, ana wajukuu, mwaka mzima hajakosa kipindi. Alisema polepole, “Mwalimu, nisamehe. Herufi zimenikimbia. Juzi nilikuwa nazo zote.”

Wengine wakainamisha vichwa. Kila mmoja alidhani ni yeye tu.

Miguu ilitaka kwenda. Mdomo ukaitangulia. “Mama, hujasahau kitu. Karatasi ndiyo iliyolala vibaya. Niliilaza mimi.”

Nikaichukua karatasi yake, nikaigeuza mgongo, nikaiegemeza kwenye kioo cha dirisha. Jua la saa kumi likapenya. Bi Kuruthumu akafuta macho kwa ncha ya khanga, akasoma kwa sauti, kidole kikitambaa: “Maji safi ni afya.” Darasa zima likakimbilia madirishani. Wamefanya mtihani wamesimama.

Mwalimu Agnesi amenirudishia ile karatasi ya kaki yenye neno SIRI.

Jumamosi, 9 Machi

Mzee Bakili amerudi, habari zote anazo. Nilitegemea matusi. Akafungua mlango wazi, akaniwekea kigoda. Stensili hulala kifudifudi, akasema, uso wake kwenye wino, sisi tunauona mgongo. Vika kichwa kwanza. Ilaze kwa kiganja kutoka juu kwenda chini, hewa itoke, mkunjo usibaki. Mkia ubane mwisho. Ikipinda, usivute kwa nguvu, vua uanze upya. Nikajaribu. Mistari ikanyooka! Nilitamani kumkumbatia.

Nikamuuliza kwa nini miaka yote anafunga mlango. Akasema feni ya huku ofisini inampeperushia karatasi. Na siri? Akashangaa. “Siri gani? Miaka kumi na moja niko hapa, hakuna aliyewahi kuniuliza.”

Jumatatu, 11 Machi

Severine, mpiga chapa wetu, amepata taipureta mpya. Utepe ni mmoja, lakini inaandika nyeusi, na akitaka, nyekundu! Inajuaje? Nimeitazama tangu asubuhi, barua zimelala.

Severine anakaa hatua tatu kutoka mezani kwangu. Mpole, mcheshi, ningeweza kumuuliza. Lakini ukiuliza, watu watajua kwamba hujui.

Saa nne anatoka kunywa chai. Nimeazima bisibisi.