Hesabu ya Digrii ya Lorine

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Balaa! Binti yangu Lorine ameitwa chuo kikuu kusomea saikolojia. Miaka minne ya kuwauliza watu wanajisikiaje! Hapa Buruburu swali hilo huulizwa bure, na jibu hutolewa hata usipouliza. Fomu ya mkopo wa serikali yataka wadhamini wawili: mimi, na mtu asiye wa nyumba yetu. Inafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Sikukataa. Baba msomi hakatai, hupiga hesabu. Nimenunua daftari la miraba. Deni: laki tatu, na riba juu yake. Mshahara wa kuanzia: nimeukisia, maana kuuliza watu ni kuwasumbua. Toa kodi ya nyumba, nauli, unga. Jibu: atamaliza kulipa akiwa na miaka thelathini na tisa na miezi mitano.

Mke wangu Kageha akauliza kama nimewahi kukokotoa barua zangu kwa wahariri zimeleta shilingi ngapi kwa miaka ishirini. Swali nje ya mada.

Jumanne, 12 Agosti

Waraka wangu wa kupinga mkopo umetoka! Kurasa mbili, bila huruma. Nakala moja nimeibandika langoni mwa korti yetu, yaani huu ua wetu wa nyumba zenye lango moja, nyingine nimeituma kwenye kundi la simu la nyumba zote kumi na nne, nyingine kwa Mzee Laban wa kanisani. Sentensi bora kuliko zote: "Anayemdhamini mwanafunzi wa saikolojia amejifunga jiwe la kusagia shingoni, kisha anaomba asukumwe."

Zedekiah Oketch, karani mstaafu wa reli, jirani ambaye hajakubaliana nami tangu tugombanie rangi ya lango mwaka 2014, ameandika: Bwana Opicho, leo umenena. Nimeisoma mara sita.

Lorine hakula chakula cha jioni. Ukweli hauna mboga.

Jumatano, 13 Agosti

Ushahidi wa kuona! Nimempeleka Lorine soko la Burma, kwa Munyoki, mwenye digrii hiyohiyo, anayekata nyama. Koti jeupe, damu hadi kwenye viwiko. Nikamuuliza kwa sauti, wateja wasikie, digrii imemfikisha wapi. Akasema imemfikisha hapa, bucha ni lake, na deni alilimaliza mwaka wa tano. Kisha akaweka kisu chini. "Na wewe mzee, ulisomea nini?"

Hakuna aliyeniuliza hilo tangu 1992. Nikamweleza habari ya barua yangu ya kuitwa chuoni, na marehemu baba alivyoikunja, akaitia mfukoni, akasema tutaona. Hatukuona. Mara najikuta nalia juu ya bakuli la supu alilonisogezea, mbele ya watu wanaosubiri matumbo.

Nilikuja kununua nusu kilo. Nimeondoka na kilo tatu na maini. Njiani Lorine akasema, "Baba, hiyo ndiyo kozi yenyewe."

Nimetia sahihi kabla ya kuvua viatu. Sijashindwa. Takwimu zimebadilika.

Alhamisi, 14 Agosti

Sasa mdhamini wa pili. Nimeanza na Oketch. Akanipa chai, kisha akatoa waraka wangu, umepigwa chapa, umepigiwa mistari kwa wino mwekundu. Akanisomea ile sentensi ya jiwe, polepole, kama somo la Jumapili. "Baba Lorine," akasema, "shingo yangu mimi ni hii moja."

Nikajaribu kuipinga hoja. Haipingiki. Imejengwa vizuri mno!

Mzee Laban: ameusoma, ameuombea. Mwalimu Abdijabar wa nyumba namba tisa: ameusoma, amewatumia ndugu zake Garissa. Miaka ishirini natafuta wasomaji, wamekuja wote juma moja!

Lorine ameniuliza, taratibu, kama kuna mtu yeyote ninayemjua ambaye sijamtumia. Nikawaza sana. Nikamwambia hapana, nilifanya kazi kikamilifu. Akaingia chumbani kwake. Hakufunga mlango kwa kishindo. Ingekuwa afadhali angefunga kwa kishindo.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeamka na mpango. Nitajijibu mwenyewe! Jina la bandia: Mzazi Mpenda Haki. Nikauvunjavunja waraka wa Opicho: mshahara wa kubuni, hesabu za kilabuni, wivu wa mtu aliyekosa chuo. Majirani wakishasoma, wadhamini watapanga foleni. Saa tatu asubuhi nikalibandika jibu hilo langoni.

Saa tatu u nusu nikapita, nikalisoma tena. Wivu? Mimi? Damu ikachemka. Nikarudi ndani kumjibu mshenzi huyo.

Nilipofika ukurasa wa nne nikatazama saa. Kumi na moja na dakika ishirini! Nikaruka kutafuta fomu. Hakuna fomu.

Kageha alikuwa jikoni anachagua mchele. Akasema alikuja kuniita saa nne, nikamwinulia kiganja asinikatize. Basi wakaenda Burma, yeye na Lorine. Munyoki akafuta mikono, akatia sahihi palepale kwenye kaunta. Fomu iliwasilishwa saa saba.

Lorine ameketi sebuleni na nakala yake ya fomu, yenye doa la mafuta. Anaisoma na kucheka peke yake. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Jumatatu.

Jumamosi, 16 Agosti

Chapati, maini, nyimbo. Nyumba nzima ina furaha. Lakini dhamiri hainipi usingizi wa mchana. Munyoki alitia sahihi bila kuusoma waraka wangu! Mtu mzima, mwenye bucha, ameingia gizani hivihivi. Je, huo ni uungwana?

Lorine amesema mdhamini ana siku saba za kujitoa, baada ya hapo faili linafungwa. Akanishika mkono: "Baba, kwa siku saba tu, usimwandikie mtu yeyote chochote." Kageha amechukua simu yangu na daftari la miraba. Nimeahidi, na ahadi yangu ni ahadi.

Sitaandika neno. Burma ni mwendo wa nusu saa, na hesabu yote ninayo kichwani. Nimevaa viatu.