Gego Lililoota Upya

Jumatatu, 3 Juni
Siku tano kabla ya harusi ya binti yangu, na jino la mbele halipo! Lilikatika nikikata uzi. Mama watoto ameniambia miaka ishirini nitumie mkasi, lakini fundi cherehani mwenye haraka hasikii. Sasa nikisema "samahani" nawalowesha wateja. Hotuba ya baba wa bibi harusi ni yangu. Nisipopata jino ataisoma Shemeji, kaka wa mke wangu, kinyozi mwenye meno thelathini na mawili na asiyechoka kuyaonyesha. Heri nife.

Daktari wa meno aliingiza kamera ndogo kama kalamu. Kinywa changu chote kikatokea kwenye kompyuta. Aibu tupu! Akasema jino huchongwa na mashine palepale, kwa saa moja. Ila fizi zangu zinatoka damu. Nipige mswaki vizuri, kila asubuhi nitume kwa simu picha ya fizi za nyuma, programu izikague. Zikitulia, Ijumaa napata jino.

Jumanne, 4 Juni
Nimepiga mswaki. Nimetuma picha. Alama nyekundu. Nimepiga tena, kwa nguvu zote. Nyekundu zaidi!

Nimekaa, nikafikiri, nikapata wazo. Nina akili, watu hawajui tu.

Jumatano, 5 Juni
Nimekwenda saluni kwa Shemeji. Nimemwambia kampuni ya dawa ya meno inatafuta mtu wa kuweka kwenye bango, na mimi nimempendekeza yeye. Alimwacha mteja na nusu ya kichwa, akaachama. Picha kumi na mbili. Fizi safi kama za mtoto. Roho iliniuma. Nimetuma. Kijani! Hongera!

Alhamisi, 6 Juni
Kijani tena. Shemeji amepiga simu mara tatu kuuliza bango litawekwa barabara gani. Nimemwambia avute subira. Binti ameuliza kama nitatabasamu kwenye picha. Nikamwahidi. Aliponikumbatia nilijisikia vibaya, kwa muda mfupi.

Ijumaa, 7 Juni
Daktari kaniita asubuhi. Nilivaa shati jipya la kupokelea jino. Akanigeuzia kompyuta. Kumbe ile programu ni mbea! Inalinganisha kila picha na ile ya siku ya kwanza. Imeandika kwamba gego langu la chini kushoto, lililong'olewa miaka mitatu iliyopita, limeota upya.

Daktari akasema kwa upole kwamba tangu aanze kazi hajaona mtu wa miaka hamsini na minne akiota meno. Akaniomba niachame. Nikasema nina haraka. Akasubiri. Nikaachama. Pengo lipo palepale.

Alicheka mpaka akashikilia kiti. Kisha akawa mkali: kuweka jino kwenye fizi mbovu ni kuharibu na meno ya kando yake. Wiki mbili za mswaki wa kweli kwanza. Nikamsihi, harusi ni kesho! Akakataa katakata.

Jumamosi, 8 Juni
Mama watoto alikwisha kumpa Shemeji hotuba, na Shemeji alikwisha kukohoa kusafisha koo. Binti akainuka, akamnyang'anya karatasi mbele ya watu wote, akanipa mimi. Akasema anamtaka baba yake, awe na jino asiwe nalo. Nilisoma. Safu ya kwanza walijifuta uso. Watu walicheka, binti akacheka huku analia, nami nikapigwa picha mdomo wazi bila kujali. Sijawahi kufurahi hivi. Nimeapa: sidanganyi tena.

Jumatatu, 10 Juni
Daktari haniamini. Amenipa mswaki wa umeme unaohesabu dakika na kumpelekea ripoti kwenye kompyuta yake. Dakika mbili asubuhi, mbili jioni, kwa wiki mbili. Hapo ndipo nitapata jino.

Alhamisi, 13 Juni
Ripoti nzuri sana! Dakika nne kila mara, mkono mtulivu, hakuna pembe iliyorukwa. Daktari ameandika kwamba anajivunia mabadiliko yangu. Nimeguswa.

Shemeji naye anausifu mno huo mswaki. Nimemwambia ni shukrani yangu kwa kukubali kusoma hotuba.

Leo nimeng'ata mkate, ukatoka na damu. Sinunui tena kwa yule muuza mkate.