Uzinduzi wa Kipimo cha Sumu Mwilini

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, waheshimiwa wajumbe, viongozi wa dini zote, wazee wa maharage, akina mama wa mihogo, ndugu zetu mliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na mimi mwenyewe Elisante, mratibu mkuu wa maandalizi ya uratibu, itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

Leo, kwa unyenyekevu niliouandaa tangu juzi, nazindua mradi wa bayomaka, yaani alama za ndani ya damu zinazotuambia kwamba huyu kadhuriwa na dawa ya wadudu, wala si malaria, wala hajalogwa na jirani. (Vicheko.) Kuna kimeng'enya, ambacho nilipokisikia mara ya kwanza nilidhani ni mnyama, sumu ikiingia mwilini kinashuka, na mashine hii iliyofunikwa kitenge itakigundua kwa tone moja, kuanzia Murungu hadi Munanila, na kwa takwimu nilizokadiria mwenyewe njiani, vifo vitapungua kwa asilimia mia na kumi, kwa ushirikishwaji wa mastekiholda wote! (Makofi. Pikipiki inafika na mgonjwa.)

Mama Dorcas, subiri kidogo, nipo kwenye asilimia. Unasema mumeo Pasikali kaanguka akipiga dawa maharage? Anatokwa mate na jasho? ("Mpime basi, mheshimiwa! Mashine si hiyo?") Hoja imepokelewa. Upimaji utafuata... rodimapu, yaani mpango kazi. ("Mpime!" Watu wanasimama.)

Wewe Aksanti, mfanyabiashara wa Nyarugusu, usivute kitenge! ("Shefu, masaa imepita! Munirudishie mashini yangu, watu ya soko wananingoja!" Kitenge kinaanguka. "Yoo! Mashine ya bisi!")

Ndiyo, ni ya bisi. Nimeiazima ili picha zipendeze. Naona aibu, ndugu zangu, na suti hii inanichoma. Dorcas, nisamehe, nilitaka kukuchelewesha kwa maneno. Dereva uliyenileta kwa gari, mpeleke Pasikali hospitali ya Kabanga sasa hivi. Mvueni shati lenye dawa, mlazeni ubavu, na mkawaambie alikuwa akipulizia nini. Mimi nitarudi mjini kwa pikipiki iliyomleta.

Damu safi! (Watu wanambeba Pasikali.) Maharage salama! (Mtu anakohoa.)

Basi. Nawashukuru kwa kuhudhuria uzinduzi wa mradi ambao hata andiko lake sijaliandika. Lakini gari lipo kweli, na lina mafuta. Dereva, ondoka.