Jina la Zulaika

Jumatatu, 19 Novemba 1979
Mwalimu Orpah kaniita. Anasema jina la Zulaika halisomeki, ni kama kuku kapita kwenye majivu. Ijumaa akishindwa kuliandika, anabaki darasa la kwanza. Mwanangu! Tumelala porini wakati wote wa vita, tumerudi mtaani kwetu Namakwekwe tukakuta nyumba haina mlango, halafu tushindwe na jina? Na vifaa anavyo. Madukani penseli hakuna, lakini mimi nilipata moja, nikaikata vipande vitatu: Zulaika na kaka zake, Faruk na Adrisi. Kila mtu na chake. Akili hiyo.

Jumanne
Nimegundua: mkono dhaifu. Nikamkandisha unga wote wa mandazi. Afande mmoja akanunua, akatafuna, akauliza kama siku hizi nauza mawe. Jina bado. Jirani yangu Nambozo akapita kunieleza kwamba binti yake Khainza anaandika bila hata kutazama. Nani kamuuliza?

Jumatano
Wazo kubwa! Bibi alituponya kwa kombe: aya iliyoandikwa sahanini, ikaoshwa, tukanywa. Basi nikamwita Khainza kwa siri, nikampa andazi, akajaza sahani yangu herufi kwa wino wa masizi. Herufi nzuri mno. Nikaziosha. Zulaika akanywa zote, akauliza kama sasa yeye ni Khainza. Nikambusu, nikamwambia alale.

Alhamisi
Nambozo kajua. Kasimama uani, majirani wote wanasikia: "Zaituni, mtoto wangu mmeanza kumnywa?" Nikaingia ndani kama sikusikia. Usingizi sina.

Ijumaa
Nilichungulia dirishani mwa darasa. Mwalimu akachukua kile kipande cha penseli, akakitazama, akakiweka kando. Akampa Zulaika penseli yake mwenyewe, mpya, ndefu. Mwanangu akainama. Herufi zikasimama kwenye mstari, moja kando ya nyingine, kama watu safuni wanaswali. Jina lile porini nililiita kwa kunong'ona, askari wasitusikie. Leo liko wazi, asome anayetaka. Nililia, na sikujificha.

Mwalimu akasema, "Mama Zulaika, mtoto hana tatizo. Vidole vilikosa pa kushika." Akampa ile penseli iwe yake. Mwalimu mwema, maskini. Mambo ya kombe hayajui.

Jumamosi
Penseli nzima kwa mtoto mmoja ni ubadhirifu. Nimeikata vipande vitatu. Zulaika kakipima chake kwa kidole.

Jioni jina limeanza kuyumba tena. Kombe lilikuwa jepesi. Kesho namtafuta Khainza, na sahani kubwa zaidi.